Gitaa zito la ghorofa ya tatu

Mpwa wangu alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo, amekumbatia gitaa lililovishwa kiroba cha mchele. Jumamosi saa nne asubuhi, jasho linamtoka kama kuli wa sokoni. Akalilaza kwenye kochi na kulivua taratibu. Gitaa la besi, jeusi, nyuzi nne, uzi mmoja umeshika kutu, kifundo kimoja cha sauti hakipo. Kalinunua kwa mtu aliyekuwa anahama nyumba na hakutaka kulipia nafasi yake kwenye kirikuu.

"Shikamoo, Anko."

"Marahaba. Haya, na hilo?"

"Nataka unifundishe Master of Puppets."

Kwa msomaji asiyeujua, huo ni wimbo wa Metallica wa mwaka 1986. Una dakika zaidi ya nane na mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Kijana alikuwa na gitaa kwa siku tatu. Ni sawa na mtu aliyejifunza baiskeli jana, leo anaomba lori la mafuta alipeleke Tunduma.

Sikumcheka, maana najua ugonjwa huo unavyoanza. Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa mpiga besi wa akiba katika bendi ndogo ya kazini, bendi ambayo hakuna aliyeikumbuka hata tulipokuwa hai. Gitaa lilikuwa la mwajiri. Ijumaa linatoka stoo, Jumatatu linarudi stoo, na ufunguo anao mtu asiyejua hata lina nyuzi ngapi. Ndivyo muziki wa dansi wa Tanzania ulivyoendeshwa kwa sehemu kubwa: NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, kisha mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mwanamuziki alikuwa na kipaji chake na mshahara wake, vyombo vilikuwa na wenyewe. Kijana kumiliki besi yake mwenyewe, akalala nayo chumba kimoja, hilo sisi hatukuliota.

Kwa hiyo nikamwambia akae. Hevi metali sijawahi kuipiga jukwaani, lakini nimeisikiliza kwa miaka mingi, tangu enzi za kaseti za kurekodiwa, na besi ni besi. Tena hapa mjini tulishaipa jina kabla ya yeye kuzaliwa. Waandishi na watangazaji wa muziki wa dansi huwa hawasemi tu "gitaa la besi", husema "gitaa zito la besi". Uzito tunao siku nyingi. Swali lililobaki ni wimbo gani autumie kuubeba.

Tukaanza na kusikiliza, na hapo ndipo ilipojitokeza shida ambayo sikuitegemea. Mpwa wangu alikuwa anajifunza kwa simu. Uzi mnene wa besi, ukipigwa mtupu, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetemeka mara 82. Spika ya simu, yenye ukubwa wa ukucha, haiwezi kuitoa sauti ya chini namna hiyo. Alichokuwa anakisikia ni kivuli cha besi, na mara nyingi alikuwa anafuata gitaa la kawaida akidhani ndiyo besi yenyewe. Mwezi mzima kabla ya kununua gitaa alikuwa anasikiliza chombo kisichokuwepo.

Dawa yake ipo katika karibu kila sebule ya jiji hili, nayo ni sabufa. Wadar tumekuwa tukilaumiwa kwa sabufa zetu, na jirani yangu wa chini, mama anayeuza vitenge Mtaa wa Congo, ana haki yote ya kunilaumu. Lakini kwa mwanafunzi wa besi sabufa ni mwalimu. Nikaunganisha simu, nikaweka Iron Man ya Black Sabbath, sauti ya wastani. Kijana akanyamaza. Halafu akasema, "Kumbe yuko pale!" Alikuwa anamzungumzia Geezer Butler, mpiga besi wa bendi hiyo.

Hapa inafaa nieleze kidogo watu hawa ni akina nani. Black Sabbath walitoka Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza. Albamu yao ya kwanza ilitoka Ijumaa, tarehe 13 Februari 1970, na wengi huihesabu kuwa ndiyo siku hevi metali ilipozaliwa. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa fundi wa karakana ya chuma. Akiwa na miaka 17 mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa kuwa yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, hivyo ndivyo vidole vya kukandamizia nyuzi. Akajitengenezea kofia za vidole kwa plastiki aliyoiyeyusha kutoka chupa ya sabuni ya kuoshea vyombo. Baadaye, kuanzia mwaka 1971, akawa analegeza nyuzi ili zisimuumize, na sauti ikateremka, ikawa nzito zaidi. Mafundi wa Gerezani, wanaogonga mabati na kuchomelea vyuma hatua chache kutoka kwangu, wangemwelewa mtu huyu bila mkalimani.

Hapa Dar es Salaam kipindi hicho upepo ulikuwa unavuma upande mwingine. Novemba 1969, miezi mitatu tu kabla ya albamu hiyo, serikali ya Mkoa wa Pwani, ambao jiji lilikuwa ndani yake, ilikuwa imepiga marufuku muziki wa soul kwenye kumbi. Vijana waliokuwa wanamwiga James Brown wakaambiwa wana utamaduni wa kuazima. Kama soul haikuruhusiwa, sijui watu wanne wenye nywele ndefu na kengele ya kanisa mwanzoni mwa wimbo wangepokelewaje. Nadhani ndiyo sababu moja muziki huu ulitupita pembeni, ukaja baadaye kwa kaseti, kwa ndugu waliokuwa ughaibuni, kwa televisheni, na sasa kwa simu.

Basi, kwa nini Iron Man iwe ya kwanza? Kwanza mwendo wake mwanzoni ni wa kutembea. Pili, kile kipande kinachorudiwa, ambacho wanamuziki wanakiita rifu, Butler anakipiga sambamba na gitaa, sauti kwa sauti. Mwanafunzi anajua mara moja akikosea. Tatu, na hili vitabu vya mafunzo hulipita haraka, kipande hicho kinaweza kuanzia freti ya saba ya uzi mnene (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa). Shingo ya besi ni ndefu, nyuzi zake kwa kawaida zina inchi 34 kutoka daraja hadi kichwani, na freti za karibu na kichwa zimeachana sana. Mkono mgeni ukilazimishwa kupanuka kule, kifundo cha mkono kinauma na kijana anaona hana kipaji. Kwenye freti ya saba vidole vinakaa bila kugombana. Anapata muziki kwanza, upana wa mkono utakuja.

Wimbo wa pili nilimpa Paranoid, wa bendi hiyohiyo, mwaka huohuo wa 1970. Una historia ya kuchekesha: albamu ilikuwa imepungua dakika, wakatunga haraka kitu cha kujazia nafasi, na kijazio kikawa wimbo wao maarufu kuliko yote. Hauzidi dakika tatu. Besi inategemea zaidi sauti tatu, E, D na G, lakini haisimami. Hapo ndipo mkono wa kulia unapofundishwa adabu: kidole cha shahada, cha kati, cha shahada, cha kati, kama mtu anayetembea mezani kwa vidole, bila kuruka zamu. Mpwa wangu alikuwa anatumia kidole kimoja tu. Baada ya nusu dakika kikachoka, na mapigo yakaanza kuchechemea kama daladala yenye plagi mbovu.

Wa tatu ni Breaking the Law wa Judas Priest, wa mwaka 1980. Huu naupenda kwa sababu ya mpiga besi wake, Ian Hill, mtu asiye na makeke, anayesimama eneo lake jukwaani na kupiga kilekile bila kuchoka huku wenzake wakirukaruka. Wanamuziki wa dansi tunawajua watu wa namna hiyo. Msikilize mpiga besi wa bendi nzuri wakati waimbaji wako kwenye ubeti wa taratibu: anaacha nafasi, anagusa, anaacha. Wimbo ukifika kwenye chemko, magitaa ya juu yanaanza kusukana, tumba inawaka, ukumbi unasimama, naye anashika duru moja fupi na haiachii. Ukimwondoa, kila mtu atajua kuna kitu kimekufa, ingawa wengi hawatajua ni nini.

Hiyo ndiyo hoja niliyokuwa nayo tangu asubuhi, na nilimwambia kwa lugha rahisi: chagua wimbo ambao besi ikiondolewa, utaiona imeondoka. Hevi metali ina mtego mmoja. Magitaa yake yamejazwa mkwaruzo, na mkwaruzo huo unakula nafasi kubwa ya sauti, kuanzia juu hadi karibu na chini. Besi inaweza kufunikwa kabisa. Mfano mbaya kuliko yote ni wa Metallica haohao anaowapenda: albamu yao ya mwaka 1988, ...And Justice for All, ambayo besi ya Jason Newsted ilishushwa wakati wa kuchanganya sauti mpaka ikawa kama hayumo. Mwanafunzi anayejifunza kwa albamu hiyo anajifunza kwa kukisia. Ni albamu kubwa, mimi mwenyewe ninayo, lakini kama chuo cha besi ni jengo lisilo na ngazi.

Kwa hiyo kama ni Metallica, na ikawa lazima iwe Metallica, nikampa For Whom the Bell Tolls wa mwaka 1984. Ile sauti ya mwanzo inayolia na kukwaruza, ambayo watu wengi wanaapa ni gitaa la solo, ni besi. Ni Cliff Burton, aliyeipitisha kwenye mkwaruzo. Burton alifariki Septemba 1986 katika ajali ya basi la bendi nchini Sweden, akiwa na miaka 24. Mwendo wa wimbo ni wa wastani, na ingawa utangulizi utamtoa kijana jasho, mwili wa wimbo unachezeka. Mpwa wangu alipoambiwa kwamba ile ni besi alirudia sekunde zilezile mara nane. Jirani wa chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio. Tukapunguza sauti.

Kulikuwa na nyimbo nilizozikataa, akanuna. Ace of Spades ya Motörhead niliikataa kwa sababu Lemmy, mpiga besi wao, alikuwa anapiga besi kama gitaa la kawaida, kwa kubana nyuzi kadhaa kwa pamoja, tena kwa kasi. Ni ufundi wake yeye, na mwanafunzi akiuiga mapema atapata tabia ambazo hazitamfaa kwa mtu mwingine. Nyimbo za kulegeza nyuzi nazo nilizikataa kwa sasa. Ukishusha sauti ya besi yenye nyuzi za kawaida, nyuzi zinalegea na kugonga shingo, unapata mlio wa sufuria. Zinahitaji nyuzi nene zaidi, na seti nzima ya nyuzi za besi ina bei ambayo mtu wa umri wake haiwezi kila mwezi.

Kuhusu kasi, hata hivyo, nilijikuta mimi ndiye mwanafunzi. Nilikuwa nimejiandaa kumwonya kwamba metali ina mapigo ya haraka kuliko sikio lake lilivyozoea. Akanitazama kwa huruma. Kijana huyu amekulia Mburahati, kwenye singeli. Muziki huo hupita mapigo 200 kwa dakika bila kuvuta pumzi, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala iliutoa nje ya nchi katika mkusanyiko ulioitwa Sounds of Sisso, kutoka studio ya hukohuko mtaani kwao. Lebo hiyohiyo mwaka 2020 ikatoa albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi, mmoja anapiga kelele za metali na mwenzake yuko kwenye gitaa na mashine. Sikio la kizazi hiki halitishwi na mwendo. Vidole ndivyo vitakavyotishwa.

Kisha likaja suala la Zanzibar. Nilimwekea Stone Cold Crazy ya Queen, ya mwaka 1974, nikamuuliza huyo anayeimba kazaliwa wapi. Hakujua. Nikamwambia kazaliwa Mji Mkongwe, tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, baadaye Freddie Mercury. Ni wimbo wa kasi na ukali ambao ulikuja kabla ya wakati wake. Metallica waliurekodi upya mwaka 1990, na rekodi hiyo ikashinda tuzo ya Grammy ya metali mwaka 1991. Kwa hiyo mtu akikwambia muziki huu hautuhusu, mpeleke feri.

Lakini mimi kwa Queen simtafuti Mercury, namtafuta John Deacon, mpiga besi, mtu mkimya aliyesomea elektroniki. Mwanzoni mwa miaka ya sabini aliokota bodi ya saketi kwenye pipa la taka la mtaani, akaiweka ndani ya boksi la spika ndogo, akaitia betri ya volti tisa, ikawa kikuza sauti ambacho mpiga gitaa wao, Brian May, alikitumia kurekodia kwa miaka mingi. Kisa hicho kilimgusa mpwa wangu kuliko habari zote za mauzo na tuzo. Maana besi yake haina kikuza sauti.

Tukashuka mtaani kutafuta. Kariakoo ina kila kitu, husema watu, na ni kweli mpaka utafute kitu kimoja mahususi. Tulipita nyuma ya soko kubwa, lile jengo la msanifu Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021, tukakata Mtaa wa Mchikichi, tukaambulia spika za kanisani zenye ukubwa wa jokofu, vinanda na magitaa ya kawaida kwa wingi. Vikuza sauti vya besi vidogo vya nyumbani ni vya kubahatisha. Muuzaji mmoja alituuliza, "Ni ya kanisa gani?" Swali halali kabisa. Wapiga besi wengi wachanga wa jiji hili siku hizi wanafundwa kwenye kwaya na vikundi vya kusifu, na wanapiga kila Jumapili, mbele ya watu, bila kusubiri ufunguo wa stoo ya mwajiri. Kijana akitaka kukomaa haraka, huko kuna jukwaa la bure. Nilimtajia, akasema atafikiria, kwa sauti ya mtu ambaye hatafikiria.

Mwishowe tukaenda kwa fundi redio. Akalitazama gitaa, akauliza linatoa volti ngapi, sote hatukujua. Akachomoa kikuza sauti kidogo kutoka kwenye spika ya mezani iliyokufa, akachomelea tundu la waya wa gitaa na tundu la visikizio vya masikioni. Robo saa, na bei ya sahani mbili za wali nyama. Inanguruma kidogo umeme ukiwa dhaifu, lakini visikizioni besi inasikika yote, hata uzi ule wa kutu. Na kwa anayeishi ghorofani, hapa ambapo adhana inasikika kutoka pande tatu na majirani wanasikilizana hadi kikohozi, visikizio vimeniokolea uhusiano wangu na mama wa vitenge.

Hiyo ilikuwa wiki sita zilizopita. Iron Man inapigika, ingawa anakimbilia mwisho kama mtu anayewahi mwendokasi wa mwisho. Paranoid ana malengelenge nayo kwenye vidole viwili. Katikati ya juma huwa namwekea Sikinde, yaani Mlimani Park, badala ya metali, ajaribu kufuata besi ya Suleiman Mwanyiro, na hapo anapotea kabisa: anatafuta pigo la kwanza, halipo pale anapolitarajia. Alikasirika. Akaniambia huu ni mgumu kuliko Metallica. Nikamwambia aendelee.

Jumamosi iliyopita tuligusa mwendo wa Iron Maiden, ule wa farasi anayekimbia, kwenye Run to the Hills ya mwaka 1982. Steve Harris anaupiga kwa vidole viwili tu, bila kile kidude cha plastiki cha kukwangulia nyuzi. Shabiki wa West Ham huyo, na anakimbiza besi kama winga. Nilitaka kumwonyesha kijana inavyofanywa. Nikavaa gitaa, nikaanza, na kabla ya kiitikio kidole changu cha kati kikagoma, kikabaki kimesimama hewani.

Mpwa wangu akalichukua gitaa, akapunguza mwendo wa mashine ya mapigo kwenye simu mpaka nusu, akanirudishia. Tukaanza upya, zamu kwa zamu, mpaka umeme wa LUKU ukaisha.